Kabla hujamfundisha mwenzio kusimama mimbarini

Wiki hii naomba niandike juu ya jambo linalonihusu mimi mwenyewe, wala si jambo la kujivunia.

Mwezi Agosti mwaka 2017 nilitia saini vyeti 27 hapa Tanga. Vilikuwa vyeti vya kupendeza, vimechapwa kwa rangi, na chini kabisa palikuwa na jina langu na cheo nilichojipa mwenyewe: Mkufunzi wa Uhadhiri na Khutba. Vijana waliovipokea walikaa nami siku mbili, Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi wa kuazima pale Ngamiani. Kila mmoja alichangia sh. 15,000, ikiwemo chai ya saa nne na pilau ya mchana. Kwa maelezo ya kile cheti, siku mbili hizo zilitosha kumpa mtu uwezo wa kuhutubia na "kuwafundisha wengine kuhutubia".

Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza mimi, kwa sababu niliona yanakipa cheti uzito. Hakuna aliyeniuliza ni nani aliyenifundisha mimi kufundisha. Watu wa Tanga wananifahamu kwa kusema. Hualikwa kwenye Maulidi ya Mfungo Sita, kwenye nikahi, kwenye vikao vya wazazi shuleni. Nikishika kipaza sauti watu hutulia. Basi wao waliona, na mimi nikaona, kwamba anayejua kusema bila shaka anajua kufundisha kusema.

Ijumaa moja, wiki tano baada ya semina, khatibu wa msikiti mmoja mdogo kule Makorora alikuwa safarini. Kamati ikatafuta wa kumshikia nafasi, ikampata kijana mmoja katika wale 27. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ana cheti. Nami nilikwenda kuswali pale makusudi, nikakaa safu ya pili kwa furaha kama baba wa bwana harusi.

Kijana alipanda, akasalimu, ikaadhiniwa, akasimama. Akaanza kwa Kiarabu: hamdu, kumswalia Mtume (s.a.w.), usia wa taqwa. Sauti safi, herufi zinatoka mahali pake. Nikamtazama jirani yangu kumwashiria kuwa huyu ni wangu. Kisha akaingia katika Kiswahili. Mada yake ilikuwa haki za jirani, na neno lenyewe "jirani" likakataa kutoka. Ji, ji, ji. Watoto wa safu ya nyuma wakacheka. Nikamfanyia ishara kwa mkono, taratibu, vuta pumzi. Akazidi kukwama. Mtu wa safu ya mbele akamkamilishia neno, mwingine naye akamkamilishia lililofuata. Mwisho kijana akafunga karatasi zake akashuka. Mzee mmoja akapanda akaikamilisha khutba, tukaswali. Tulipotoa salaam kijana alikuwa keshaondoka, na viatu vyake vilikuwa bado mlangoni.

Jioni ile mjomba wake alinifuata nyumbani. Hakugomba. Aliniambia, "Maalim, huyu mtoto ana kigugumizi tangu ana miaka minne. Mtaa mzima unajua. Wewe umekaa naye siku mbili, hukujua?"

Sikujua. Na swali la makala haya ni hilo tu: nilikuwa nafanya nini siku mbili zile hata nisijue?

Nilirudi kwenye ratiba yangu nikaihesabu. Semina ilikuwa ya saa 12. Katika hizo, mimi nilizungumza karibu saa tisa. Saa zilizobaki waligawana vijana 27, na sehemu kubwa ya muda huo walisoma khutba kwa pamoja au kughani qasida. Kumbe hapo ndipo kigugumizi kinapojificha. Wataalamu wa maradhi ya usemi wanaeleza kwamba mtu mwenye kigugumizi aghlabu hakwami anapoimba, anaposoma pamoja na wenzake, au anaposoma kitu alichokihifadhi chenye mahadhi yake. Hukwama anapotakiwa atoe maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Ndiyo maana kijana wetu alisoma Kiarabu cha khutba kama maji yanavyotiririka, na akasimama pale alipoingia katika lugha ya mama yake.

Hali hii si ngeni wala si laana. Inakadiriwa kuwa katika kila watu wazima 100 mmoja anayo, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake, na kwa kawaida huanza mtoto akiwa kati ya miaka miwili na mitano. Haisababishwi na woga wala upungufu wa akili, ingawa woga huizidisha. Na ule msaada wetu wa kumwambia mtu "pole pole, vuta pumzi", au kumdaka neno na kumkamilishia, humwongezea mzigo, kwa sababu humwambia kuwa sote tumemtazama ulimi na hakuna anayesikiliza alichokuja kukisema. Haya yote nimeyasoma baadaye. Ilinipasa niyajue kabla ya kuandika neno mkufunzi.

Ibrahim na karatasi ya Bishr

Ndugu msomaji, kufundisha watu kuhutubia si jambo lililoletwa juzi na watu wa semina. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria (takriban 869 Miladia), ameandika katika kitabu chake cha Al-Bayan wa-t-Tabyin kisa ambacho kila mwenye kujiita mwalimu wa fani hii angepaswa kukijua. Anasimulia kwamba Bishr bin al-Mu'tamir alimpitia Ibrahim bin Jabala, khatibu, naye amekaa na vijana anawafundisha namna ya kuhutubia. Bishr akasimama. Ibrahim akadhani amesimama ili afaidike. Bishr akawaambia vijana wayaache wanayofundishwa, akawapa karatasi aliyoiandika mwenyewe.

Katika karatasi ile Bishr aliwausia wachague saa ambayo moyo umechangamka, kwani kazi ya saa moja ya namna hiyo ina manufaa kuliko siku nzima ya kujilazimisha. Wajiepushe na maneno magumu ya kutafutiza. Wapime maana kwa kipimo cha wasikilizaji, kila kundi lipewe maneno yanayolistahiki. Na ambaye maneno yamemgomea leo asikasirike, aache siku au usiku upite kisha ajaribu tena. Na yakiendelea kugoma pasipo sababu, basi ahamie kwenye fani ambayo tabia yake inaipenda zaidi.

Mimi kilichonishika katika kisa hiki ni alichofanya Ibrahim. Aliposomewa karatasi ile hakumfukuza Bishr, wala hakuwaambia vijana kwamba yule ana husuda. Alikiri kuwa yeye ana haja na maneno yale kuliko wale vijana. Alikiri hivyo naye ni khatibu mwenye jina na wanafunzi wake wapo.

Najua watakuwepo wa kuniandikia kwamba Bishr na al-Jahiz walikuwa Mu'tazila. Ni kweli, nami sichukui aqida kutoka kwao, nachukua elimu ya usemi, na katika hiyo wanazuoni wa madhehebu zote wamewanukuu. Tena ni huyo huyo al-Jahiz anayetusimulia habari za Wasil bin Ataa, aliyefariki mwaka 131 Hijria, ambaye ulimi wake haukuweza kuitamka vyema herufi ya raa. Alihutubia hotuba ndefu akaikwepa herufi hiyo toka mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo alihesabiwa miongoni mwa wasemaji wakubwa wa zama zake.

Lakini kwa nini twende mbali? Nabii Musa (a.s.) alimwomba Mola wake amfungulie fundo katika ulimi wake, akaomba pia apewe ndugu yake Harun, akisema kuwa Harun ni fasaha zaidi. Akapewa Harun awe msaidizi, na ujumbe ukabaki kwa Musa. Nimeisoma Surat Twaha tangu utotoni, na siku ya semina niliifungulia kikao kwa dua hiyo hiyo. Mbele yangu, safu ya tatu, alikuwa amekaa mtu mwenye fundo hilo, akiitikia amin.

Na tuangalie Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alimtaka Ibn Mas'ud amsomee Qur'an. Ibn Mas'ud akastaajabu: vipi amsomee aliyeteremshiwa? Mtume akamweleza kuwa anapenda kuisikia kutoka kwa mwingine. Ibn Mas'ud akasoma Surat An-Nisaa hadi aya ya 41, akaambiwa inatosha, akatazama, macho ya Mtume yanatoka machozi. Aliyefundisha watu wote alitaka kukaa akasikiliza. Mimi katika saa 12 nilisema tisa.

Ijaza ya watu wa mwambao

Wazee wetu wa mwambao huu walikuwa na utaratibu. Mwanafunzi alikaa mbele ya shekhe, akasoma, shekhe akasikiliza. Alipofika mahali fulani alipewa wadogo awafundishe alif na be, huku shekhe amekaa pembeni na tasbihi yake, kama hayupo, kumbe anasikia kila kitu. Ijaza ilikuja baada ya hapo, na ilikuwa na jina la aliyeitoa na jina la aliyempa yeye. Kwa njia hiyo Riyadha ya Habib Saleh kule Lamu ilitoa walimu waliotawanyika pwani yote. Hapa Tanga, Shamsiyya, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TAMTA, aliyoiasisi Sheikh Muhammad Ayub, imetoa maustadhi waliokwenda kufundisha mbali na hapa. Karatasi kwao ilikuja mwisho, tena ilishuhudia jambo lililokwisha kuonekana kwa macho.

Serikali nayo haifanyi kinyume cha hayo. Mwalimu wa shule ya msingi hatoki chuoni kwa kujua hesabu peke yake. Lazima apelekwe mazoezi ya kufundisha, ile BTP tunayoifahamu sote, mkufunzi wake akae nyuma ya darasa na daftari. Anayeangaliwa pale ni mwalimu mtarajiwa, na kipimo ni watoto: wamefahamu au hawakufahamu. Sisi wa mihadhara peke yetu ndio tunaotoka kwenye kipaza sauti moja kwa moja hadi kwenye ukufunzi.

Hata hao Wamarekani ambao vijana wetu huwaiga wana jambo la kutufunza hapa. Mwaka 1924, katika mji wa Santa Ana, California, mtu aitwaye Ralph Smedley alianzisha kilabu cha kujizoeza kuhutubia. Leo vilabu vya Toastmasters vimeenea duniani, Nairobi na Dar es Salaam vipo. Utaratibu wao ni kwamba kila anayetoa hotuba iliyoandaliwa hupangiwa mwenzake wa kumtathmini, na mwisho wa kikao husimama mwingine akawatathmini wale watathmini. Yaani mkosoaji naye hukosolewa, mbele ya watu, kila kikao. Sikumwekea mtu yeyote kiti cha kunikosoa mimi katika ukumbi ule wa Ngamiani.

Alhamisi za Pangani

Baada ya tukio lile niliacha kufundisha. Mwanzoni mwa 2018 nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Pangani, mwenye madrasa ndogo nyuma ya nyumba yake, ambaye vijana wake wanajulikana kwa khutba fupi zinazoeleweka. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilometa 50, na barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi. Nilifika nimekuwa mwekundu kama tofali.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kusema au kusikiliza?"

Nikamweleza kisa chote. Akaniambia nije kila Alhamisi baada ya Alasiri, na kwamba nisihutubie hata mara moja mpaka aniruhusu. Hakuniruhusu kwa miezi mitatu. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kijana anahutubia dakika tano, kisha mzee ananigeukia: "Kasema nini?"

Siku ya kwanza nikajibu kuwa sauti yake ilikuwa chini na mkono alikuwa ameutia mfukoni.

"Sikukuuliza kosa. Kasema nini?"

Sikuweza kujibu. Nilikuwa nimehesabu makosa dakika zote tano na sikuwa nimesikia hoja ya kijana. Mzee akamwambia arudie hotuba yote, kwa ajili yangu. Nikaona haya mbele ya mtoto wa miaka kumi na sita.

Nilijifunza mengi pale, siwezi kuyaandika yote. La kwanza ni hilo: mwalimu akishindwa kuyarudisha maneno ya mwanafunzi kwa usahihi, hana haki ya kuyasahihisha. La pili ni kusahihisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa na mtindo wa kumpa kijana orodha: sauti, macho, mikono, i'rabu, kikohozi. Mzee alichagua moja, tena lile linalomzuia msikilizaji asifahamu, akamrudisha kijana palepale aseme sehemu ile ile upya. Masahihisho ambayo hayakufuatiwa na kurudia, alisema, ni kumsengenya mtu mbele yake.

Kisha kuna mambo ya mahali. Msikiti wenye dari la juu na sakafu ya marumaru hurudisha sauti, basi anayesema haraka maneno yake hugongana hewani, na kuongeza kipaza sauti ni kuongeza mgongano. Mzee aliwapeleka vijana wake msikitini kukiwa hakuna watu, mmoja mimbarini, mwenzake nguzo ya mwisho karibu na mlango, na wa mlangoni ndiye anayesema kama imefika. Aliwafundisha pia kutenganisha nguzo za khutba na nyongeza. Kwa sisi Mashafii nguzo ni tano: hamdu, kumswalia Mtume, usia wa taqwa, kusoma aya, na kuwaombea Waumini katika khutba ya pili. Kijana akizishika hizo barabara hawezi kutahayari kabisa, hata akisahau mengine yote, khutba yake imesihi. Na ufupi ni sunna: Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba swala ndefu na khutba fupi ni dalili ya ufahamu wa mtu. Khatibu wetu wa dakika 45 sijui huwa anaisoma vipi hadithi hii.

Niseme pia, ingawa si mada yangu ya leo, kwamba katika wale 27 wangu hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Madrasa nyingi za mitaani mwetu zinashikwa na maustadhat, nao ndio wa kwanza kumfundisha mtoto kusimama mbele ya wenzake siku ya Maulidi. Kule Pangani binti wa yule mzee alikuwa na darasa lake upande wa pili wa ua, na nilipoanza kufundisha ni yeye aliyetumwa kunisikiliza kutoka nyuma ya pazia. Ripoti yake kwa baba yake ilikuwa maneno mawili: "Bado anajisikia."

Mwezi wa nne nikaruhusiwa kufundisha, vijana watatu tu, mzee amekaa pembeni. Mwezi wa kumi na moja akawahutubisha wale watatu mbele ya watu wasionijua, bila mimi kuwepo. Walipomaliza akawauliza waliohudhuria, mmoja mmoja, "Kasema nini?" Huo ndio ulikuwa mtihani wangu. Cheti sikupewa. Aliniambia, "Nenda, na ukikwama rudi."

Ndugu zangu wa kamati za misikiti na taasisi zinazoalika wakufunzi, nawaomba. Akija mtu kuwaambia ni mwalimu wa wahadhiri, msimpe kipaza sauti. Mpeni vijana wenu wawili, mmoja mwenye kusema sana na mmoja asiyesema kabisa, mkae mtazame saa moja. Muulizeni alifundishwa kufundisha na nani, na wako wapi aliowafundisha. Na katika saa hiyo hesabuni nani amesema zaidi.

Limebaki la yule kijana. Nilimtafuta mara mbili akanikwepa. Mwisho wa 2018 nilimkuta soko la Mgandini, anauza vitunguu kwa mjomba wake. Nikamwomba radhi. Nikamwambia cheti kile ni kosa langu, na kwamba hana haja ya kurudi mimbarini kwa ajili yangu wala ya mtu yeyote. Alinyamaza kitambo. Akainama, akatoa chini ya mizani mfuko wa plastiki, ndani yake karatasi zilizokunjwa.

"Maalim," akasema, na neno hilo lenyewe lilimchukua muda, "nilibakiza kurasa mbili."

Nikakaa juu ya gunia. Alisoma kurasa zile mbili mbele yangu, haki za jirani, na wateja walikuja wakapimiwa wakaondoka, naye akaendelea pale alipoishia. Ilichukua kama nusu saa. Sikumkamilishia neno hata moja. Alipomaliza alinitazama, nami nikamweleza alichosema, hoja kwa hoja. Akanisahihisha mahali pamoja.